Nyumba hii ina deni? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kodi za ardhi, rehani na mazuio

Maswali haya huulizwa na watu wanaonunua, wanaouza, wanaorithi na wanaokopea nyumba. Majibu yanahusu Tanzania Bara. Ardhi si jambo la Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina sheria na mamlaka zake.

Jambo moja ni la kushika kabla ya yote: madeni mengi ya ardhi yameshikamana na ardhi yenyewe. Mwenye nyumba anaweza kuuza, kufariki au kuhama, lakini rehani iliyosajiliwa haimfuati yeye. Inabaki palepale na itamkuta atakayeingia baada yake. Ndiyo maana mnunuzi anayeuliza bei kwanza na madeni baadaye ameanzia mwisho.

Nyumba yangu inadaiwa kodi gani hasa?

Kwa kawaida mbili, na watu huzichanganya kila siku. Ya kwanza ni kodi ya pango la ardhi. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Mwenye hati amepewa haki ya kuitumia kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99, na kwa haki hiyo anailipa Serikali kila mwaka. Ya pili ni kodi ya majengo, ambayo inatozwa kwenye nyumba iliyosimama juu ya kiwanja hicho.

Ukilipa moja hujalipa nyingine. Wapo watu wanaokatwa kodi ya jengo kwenye umeme kila mwezi na wanaamini wamemalizana na Serikali, kumbe pango la ardhi lina miaka mingi halijaguswa.

Pango la ardhi linakokotolewaje?

Ukubwa wa kiwanja kwa mita za mraba unazidishwa kwa kiwango cha eneo na matumizi. Tuseme kiwanja ni mita za mraba 600 na kiwango cha makazi katika eneo lenu ni shilingi 50: pango la mwaka ni shilingi 30,000. Kiwanja hichohicho kikiwa cha biashara, kiwango kinapanda. Mwaka wa pango huanza Julai 1.

Unalipa kwa namba ya malipo ya Serikali, kwa simu au benki. Namba hiyo unaipata kwenye mfumo wa Wizara ya Ardhi, kwenye menyu ya *152*00#, au ofisi ya ardhi ya halmashauri yako. Usimpe mtu pesa taslimu akulipie. Na ukishalipa, risiti iweke pamoja na nakala ya hati, kwa sababu siku ya kuuza utaulizwa.

Sijalipa pango kwa miaka kadhaa. Nitanyang'anywa kiwanja?

Si mara moja. Deni huongezeka kwa riba ya ucheleweshaji, kisha huja notisi ya madai. Ukiipuuza, Wizara inaweza kukupeleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kama mdaiwa sugu. Mbali zaidi ya hapo, kutolipa pango ni kuvunja sharti la umiliki, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa Rais uwezo wa kufuta miliki kwa sababu hiyo.

Mara kadhaa Serikali imewahi kutangaza msamaha wa riba kwa wanaolipa deni la msingi ndani ya muda fulani. Tangazo la namna hiyo likitoka, litumie. Lakini kukaa miaka ukisubiri msamaha si mpango. Ofisini unaweza kuomba kulipa kwa awamu, na anayejitokeza mwenyewe husikilizwa vizuri zaidi kuliko aliyetafutwa kwa notisi.

Mimi ni mpangaji. Mbona nanunua umeme na nakatwa kodi ya jengo?

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakusanywa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500 na 7,500, yaani 18,000 na 90,000 kwa mwaka. Viwango hivi hubadilishwa na Sheria ya Fedha, kwa hiyo kila bajeti ya Juni inastahili kufuatiliwa.

Angalia ujumbe wa tokeni wa manunuzi ya kwanza ya mwezi. Baada ya mistari ya kodi na tozo za VAT, EWURA na REA utaona kiasi kilichokatwa kama deni. Mara nyingi hiyo ndiyo kodi ya jengo. Usiponunua umeme miezi mitatu, ya nne itakatwa pamoja na ya nyuma.

Kodi hii ni ya mwenye nyumba. Mpangaji anayenunua umeme anamtangulizia tu. Kwa hiyo hifadhi ujumbe wa tokeni, jumlisha makato, na mkubaliane yaondolewe kwenye kodi ya chumba. Ni vizuri liandikwe kwenye mkataba wa upangaji mwanzoni. Kwa mpangaji mmoja 18,000 kwa mwaka inaonekana ndogo, lakini haki ni yake na aidai bila aibu.

Nyumba ni moja ila ina mita tatu, na zote zinakatwa.

Kodi ni ya jengo, si ya mita. Nenda TANESCO, shirika la umeme, na namba za mita zote tatu, ueleze kuwa ni nyumba moja, makato yabaki kwenye mita moja. Kinyume chake pia hutokea: mita moja yenye majengo mawili, na hapo makato yanaweza kuongezwa.

Baba ana miaka 72 na anaishi kwenye nyumba yake. Naye analipa?

Sheria inamsamehe mzee wa miaka 60 na kuendelea kwa nyumba anayoishi mwenyewe, lakini mfumo wa LUKU haujui umri wa mtu. Lazima auombe msamaha huo, akiwa na kitambulisho na uthibitisho kuwa nyumba ni yake. Nyumba ya pili aliyoipangisha haimo. Nyumba za tope na za nyasi nazo zimesamehewa.

Nauza nyumba. Serikali itachukua nini?

Kubwa ni kodi ya faida inayotokana na mauzo, na muuzaji ndiye mlipaji kisheria. Kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida. Mfano: ulinunua kwa milioni 60, ukaongeza uzio na kisima kwa milioni 10, sasa unauza kwa milioni 100. Faida ni milioni 30, kodi ni milioni 3. Asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa kwa njia nyingine, asilimia 3 ya thamani, na kwa mfano wetu nayo ni milioni 3. Kwa aliyepata faida ndogo, kukosa risiti kunaweza kumgharimu zaidi. Risiti za saruji na nondo za miaka ile zina thamani ya pesa; msizitupe.

Kuna pia ushuru wa stempu, asilimia 1, unaotakiwa kulipwa ndani ya siku 30 tangu kusaini, na huu huangukia kwa mnunuzi. Mthamini wa Serikali naye atapitia thamani, kwa hiyo kuandika bei ya uongo kwenye mkataba hakusaidii. Mbali na kuwa ni kosa, mnunuzi aliyekubali bei ya uongo siku akiuza naye faida yake itaonekana kubwa.

Msajili wa Hati, anayetunza daftari la umiliki wa ardhi, hahamishi jina bila uthibitisho wa kodi ya mauzo kulipwa. Hapo ndipo wanunuzi wengi hukwama: wameshalipa bei yote, muuzaji ameshakula pesa, na kodi haijalipwa na mtu. Baki na sehemu ya bei mpaka kodi ilipwe, na hilo liandikwe.

Wakili ananiambia "nyumba ina mzigo". Maana yake nini?

Kuna mtu mwingine mwenye haki juu yake, na haki hiyo inabana uwezo wa mmiliki kuiuza. Mizigo ya kawaida ni minne.

Rehani ni dhamana ya mkopo, mara nyingi wa benki. Zuio ni tangazo analoweka mtu kwa Msajili wa Hati akidai ana maslahi katika ardhi hiyo. Likishawekwa, Msajili hasajili mauzo mpaka aliyeliweka aridhie au liondolewe. Amri ya mahakama huja pale ambapo kuna kesi au hukumu. Na ya nne, ambayo wafanyabiashara wengi hawaijui: Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa Kamishna Mkuu wa TRA, Mamlaka ya Mapato, uwezo wa kuifunga mali ya anayedaiwa kodi, na kama mali ni ardhi, madai hayo hupelekwa kusajiliwa juu yake. Kodi ya duka lako la Kariakoo inaweza kuishia kwenye hati ya nyumba yako ya Mbezi.

Nitajuaje kama kiwanja ninachotaka kununua kina mzigo?

Fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Siku hizi kila mkoa una ofisi ya ardhi. Unapeleka maombi yenye namba ya hati na namba ya kiwanja, unalipia, na unajibiwa kwa maandishi: nani mmiliki, na kuna rehani, zuio au amri gani. Afanye wakili wako au wewe mwenyewe. Majibu ya upekuzi aliyokuletea muuzaji au dalali usiyategemee hata kidogo.

Omba pia kuiona hati halisi. Fungua kurasa za nyuma, zile zinazoandikwa miamala: kila rehani iliyosajiliwa ina namba yake ya usajili, tarehe na saini ya Msajili, na ikifutwa huandikwa pia kuwa imefutwa. Ukikuta rehani ya 2016 imeandikwa na hakuna mstari wa kuifuta, muulize muuzaji hapohapo.

Lakini upekuzi hauoni kila kitu. Hauoni mkopo wa mtaani ambao mtu ameacha hati yake kwa mkopeshaji, na Sheria ya Ardhi inautambua uwekaji wa hati kwa namna hiyo kama dhamana. Hauoni mke au mume ambaye jina lake halimo. Hauoni wapangaji waliolipa mwaka mzima, wala pango la ardhi lililolala. Kwa hiyo baada ya ofisi, nenda kwenye nyumba yenyewe. Ongea na wanaoishi humo, na majirani wa pande zote. Omba risiti ya pango ya mwaka huu. Fanya hivyo mchana, siku ya kawaida, bila dalali pembeni.

Muuzaji anasema: "Hati ipo benki tu, kaka. Nikilipwa leo, kesho naitoa."

Kununua nyumba yenye rehani kunawezekana, ila pesa isipite mikononi mwake. Mwende benki wote, benki iandike barua ya kiasi kinachodaiwa mpaka tarehe fulani, na ninyi mlipe kiasi hicho moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo. Benki itoe hati pamoja na nyaraka za kufuta rehani, na muuzaji apewe salio. Akikataa mpango huu, acha. Nyumba nyingine zipo.

Na akisema hati imepotea, kuna utaratibu: taarifa ya polisi, kisha maombi kwa Msajili na tangazo kwenye Gazeti la Serikali kabla ya kutolewa hati nyingine. Subiri utaratibu huo umalizike ndipo ulipe.

Nimemaliza mkopo na benki imenirudishia hati. Nimemalizana nao?

Bado. Rehani inafutwa kwa Msajili. Chukua kwa benki hati ya kufuta rehani iliyosainiwa, ipeleke ikasajiliwe, halafu fanya upekuzi kuhakikisha. Watu hukaa na hati kabatini miaka kumi, wakifa ndipo watoto wanagundua kuwa kwenye daftari nyumba bado ni ya benki, na tawi lile lilishafungwa.

Mume wangu amekopea nyumba tunayoishi bila kuniambia.

Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi kinasema rehani ya nyumba ya ndoa ni halali iwapo tu kuna ridhaa ya mwenza anayeishi humo. Wakiwa wake wawili ndani ya nyumba hiyo, wote. Benki inawajibika kuchukua hatua za kutosha kujua kama mkopaji ana ndoa, na mkopaji anayedanganya kuhusu ndoa yake anatenda kosa. Jina lako kutokuwemo kwenye hati hakukuondolei haki hii.

Usingoje mpaka dalali wa mnada aje kupaka rangi nyekundu ukutani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakuruhusu kuweka zuio juu ya nyumba ya ndoa ili isiuzwe wala kuwekwa rehani bila wewe. Nenda kwa Msajili na cheti cha ndoa. Kama huna cheti, wakili au kituo cha msaada wa kisheria atakusaidia kuandaa kiapo. Wanawake wengi wanaijua haki hii siku ya mnada, ilhali ingewagharimu safari moja ya ofisini.

Nimechelewesha marejesho. Benki inaweza kuuza lini?

Lazima kwanza ikupe notisi ya maandishi inayosema umekosea nini na unatakiwa kulipa kiasi gani, na ikupe siku 60. Siku hizo ni zako. Andika barua kuomba kupangiwa upya marejesho, na weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Unaweza pia kutafuta mnunuzi mwenyewe kwa ridhaa ya benki. Bei utakayopata ukiuza kwa utulivu mara nyingi inashinda ya mnada.

Siku 60 zikiisha bila malipo, benki inaweza kuuza bila kwenda mahakamani. Hata hivyo Sheria ya Madalali wa Mnada inataka tangazo la wazi la angalau siku 14 kabla ya mnada wa ardhi, na kwa njia ambazo hata asiyesoma ataelewa. Sheria yenyewe, kwa uzee wake, inataja kupiga ngoma. Mnada wa kimyakimya ni kasoro unayoweza kuilalamikia.

Ukienda mahakamani kuomba mnada usitishwe, majaji hupima mambo matatu yaliyowekwa katika kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya mwaka 1969: kama kuna hoja ya kweli ya kuamuliwa, kama utapata hasara isiyofidika, na nani ataumia zaidi. "Naomba huruma" haimo. "Sikupewa notisi, na ushahidi huu hapa" imo.

Iliuzwa kwa bei ya kutupa. Naweza kuirudisha?

Benki ina wajibu wa kutafuta bei bora inayopatikana. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi kinasema bei ikiwa chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kuwa wajibu huo umevunjwa mpaka benki ithibitishe vinginevyo. Nyumba ya milioni 80 ikiuzwa 60 au chini ya hapo, una hoja. Utahitaji ripoti ya mthamini aliyesajiliwa.

Ugumu uko kwa mnunuzi. Kifungu cha 135 kinamlinda aliyenunua kwa nia njema bila kujua udanganyifu, na mara nyingi utaambiwa udai fidia kwa benki, si nyumba. Kwa hiyo piganeni kabla ya nyundo kugonga.

Nadaiwa na msambazaji wa bidhaa, hakuna rehani. Anaweza kukamata nyumba ninayoishi?

Kwa deni la kawaida, Sheria ya Mwenendo wa Madai, kifungu cha 48, inaikinga nyumba ya makazi ambamo mdaiwa anaishi na familia yake isikamatwe kutekeleza hukumu. Kinga hii haifanyi kazi pale ulipoiweka mwenyewe rehani. Viwanja vingine na nyumba za kupangisha hazimo.

Mkopeshaji wa mtaani anataka nisaini mkataba wa mauziano "kama dhamana tu".

Usisaini. Ukichelewa siku moja atatoa karatasi inayosema ulimuuzia nyumba ya milioni 50 kwa milioni 4, na saini ni yako, mashahidi ni jirani zako. Mkopo uandikwe mkopo: kiasi, riba, tarehe ya kulipa. Anayekataa kuandika hivyo ameshakuambia anataka nini.

Ndugu yangu anataka kuuza nyumba ya marehemu mama kimyakimya. Namzuiaje?

Weka zuio kwa Msajili kama mrithi, kisha fungueni mirathi. Mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, akiwa amehamishiwa umiliki kwa nafasi hiyo. Mwenye zuio ataitwa ajieleze iwapo upande wa pili utaomba liondolewe Mahakama Kuu, kwa hiyo liwe na msingi, siyo hasira ya msibani.

Kiwanja hakina hati kabisa. Upekuzi nafanyia wapi?

Daftari la Msajili halitakusaidia, kwa kuwa halina kitu cha kukuonyesha. Kama kuna leseni ya makazi, ulizia halmashauri. Kijijini, kama kuna hati ya hakimiliki ya kimila, ulizia masjala ya ardhi ya kijiji. Pasipo hivyo, umebaki na serikali ya mtaa, majirani na ukoo. Pitia kwanza mipango miji ya halmashauri uone kama eneo limetengwa kwa barabara au shule. Lipa kidogokidogo, na mke au mume wa muuzaji asaini.

Niko Muscat na nataka kumtumia mdogo wangu anunue kwa niaba yangu.

Mpe hati ya kisheria ya kukuwakilisha, iliyosainiwa mbele ya ubalozi au mthibitishaji, na ikasajiliwe kwa Msajili hapa. Itaje kazi moja: kununua kiwanja namba fulani, kwa jina lako. Hati ya jumla inayomruhusu "kushughulikia mali zangu zote" inamruhusu pia kuuza na kuweka rehani. Majibu ya upekuzi atume picha yake kwako na kwa wakili uliyemchagua mwenyewe, na pesa iende kwa muuzaji kwa benki, kwa jina lilelile lililoandikwa kwenye hati.